Bastola Kubwa za Neu Langenburg

Mwishoni mwa Mei 1916 Wajerumani waliliacha boma lao la Neu Langenburg, mji ambao leo ni Tukuyu, wakarudi nyuma kuelekea milima ya kaskazini-mashariki. Nyuma yao zilikuja safu za Brigedia Jenerali Edward Northey, zilizokuwa zimevuka mpaka wa Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini tarehe 25 ya mwezi huo. Katika safu hizo walikuwamo askari wa King's African Rifles, Waafrika Kusini na polisi wa Rhodesia. Nyuma yao ulifuata msururu mrefu wa wapagazi, tenga-tenga, ambao bila mabega yao jeshi lile lisingeuvuka hata Mto Songwe.

Askari wa kila upande walibeba bunduki ndefu. Maofisa wao walining'iniza kiunoni bastola nzito ya silinda, yenye mtutu mpana kiasi cha kuingiza ncha ya kidole. Kwa mbali ungedhani ni silaha moja. Risasi za huku, hata hivyo, hazikuingia kule. Ya Mjerumani ilikuwa ya milimita 10.6, na ya Mwingereza ya inchi 0.455, yaani milimita 11 na nusu hivi. Tofauti hiyo isiyofika milimita moja inaeleza mengi kuhusu jinsi nchi hii ilivyotawaliwa, kwa sababu nguvu ya silaha za zama zile haikukaa katika chuma pekee. Ilikaa katika ganda la risasi, na ganda lilitoka kiwandani, ng'ambo ya bahari.

Bastola ya Kijerumani ilijulikana kama Reichsrevolver. Ilikuja kwa matoleo mawili, la 1879 lenye mtutu mrefu na la 1883 lenye mtutu mfupi zaidi, na ilitengenezwa katika karakana ya serikali ya Erfurt, katika viwanda vya Suhl na kwingineko. Kwa viwango vya wakati wake ilikuwa imara sana, lakini pia ya kizamani tangu siku ya kwanza. Ilibeba risasi sita. Kabla ya kila kufyatua, mpigaji alilazimika kuvuta nyundo kwa kidole gumba. Risasi ziliingizwa moja moja kupitia mlango mdogo wa ubavuni, huku silinda ikizungushwa kwa mkono. Zilipokwisha ndipo shida ilipoanza, kwani bastola hii haikuwa na kifaa cha kutolea maganda. Ofisa alichomoa kipini cha mhimili, akaitoa silinda nzima, akasukuma maganda matupu kwa kijiti kimoja baada ya kingine, kisha akairudisha silinda mahali pake na kuanza upya kujaza. Hilo lilifanyika vizuri mezani. Porini, mikono ikitetemeka na mvua ikinyesha, lilikuwa jambo jingine kabisa.

Webley ya Waingereza ilikuwa imelitatua tatizo hilo tangu 1887, jeshi lilipoipokea kwa mara ya kwanza. Unabonyeza wenzo kwa kidole gumba, bastola inakunjuka katikati, mtutu unainama mbele, na nyota ya chuma iliyo katikati ya silinda inayarusha nje maganda yote sita kwa pamoja. Toleo la sita, Mark VI, lilipitishwa Mei 1915, mwaka mmoja tu kabla ya Northey kuingia Rungwe, nchi yenye mji wa Tukuyu. Lilikuwa na mtutu wa inchi sita na uzito wa zaidi ya kilo moja, na kabla vita havijaisha kiwanda cha Webley & Scott cha Birmingham kilikuwa kimetoa karibu laki tatu. Mtumiaji aliweza kuvuta nyundo kwanza, au kuvuta tu kifyatulio hadi mlio. Kwa kazi ya vita ilikuwa mbele ya mwenzake wa Kijerumani kwa kizazi kizima.

Jeshi la Uingereza halikumlazimisha ofisa kuchukua bastola ya aina moja. Ofisa aliinunua mwenyewe, dukani, kwa fedha zake, na sharti kubwa lilikuwa moja: iweze kupiga risasi za serikali. Makao makuu yalijua kwamba ofisa anaweza kuwa na Webley, Colt au nyingine yoyote, na kazi ikaenda. Ila akifika ukingoni mwa Ziwa Nyasa na bastola inayotaka risasi isiyokuwamo kwenye masanduku ya tenga-tenga, amebeba uzito wa bure.

Kwa nini zilikuwa pana vile? Jibu la kwanza linatoka katika baruti nyeusi. Baruti ile ya mchanganyiko wa shura, mkaa na salfa haiwezi kukisukuma kichwa cha risasi kwa kasi kubwa katika mtutu mfupi. Kichwa cha Reichsrevolver kilitoka kwa takriban mita 200 kwa sekunde, na cha Webley hakikuzidi hapo. Mafundi waliokosa kasi walitafuta nguvu katika uzito, wakapanua mtutu na kukinenepesha kichwa cha risasi hadi gramu 17, karibu sawa kwa mataifa yote mawili. Bastola ya kisasa ya milimita 9, ambayo Wajerumani walianza kuipokea jeshini mwaka 1908, ilirusha kichwa cha gramu 8 kwa zaidi ya mita 320 kwa sekunde. Ni nusu ya uzito na kasi kubwa zaidi, na ilihitaji baruti isiyo na moshi.

Waingereza walihamia baruti isiyo na moshi mapema, katika miaka ya 1890. Kwa kuwa baruti mpya ilihitaji nafasi ndogo, mwaka 1897 walilifupisha ganda la .455, na risasi hiyo wakaiita Mark II. Lakini kichwa kilibaki kipana na kizito vilevile, na mwendo wake ukabaki wa taratibu. Sasa haikuwa tena lazima ya kifundi. Walichagua hivyo, na sababu ya uchaguzi huo inahusu moja kwa moja watu wa Afrika na Asia.

Katika mawazo ya maofisa wa dola zile, mtu wa Ulaya akipigwa risasi hukaa chini, ilhali mpiganaji wa Afrika au wa mipaka ya India huendelea kuja na mkuki wake. Kwa hiyo, walisema, dhidi yake inahitajika risasi inayomwangusha papo hapo. Mwaka 1898 wakatoa Mark III, risasi ya .455 iliyochimbwa shimo mbele, ambayo ikigonga mwili hutanuka na kupasua jeraha kubwa. Mwaka uliofuata mataifa yalikutana The Hague, Uholanzi, na suala la risasi zinazotanuka likaletwa mezani. Mjumbe wa Uingereza, Jenerali Sir John Ardagh, alisimama kuzitetea kwa hoja hiyohiyo ya tofauti kati ya askari wa mataifa yaliyostaarabika na wapiganaji aliowaona washenzi. Hoja yake ilishindwa kwa kura, na risasi hizo zikapigwa marufuku katika vita baina ya mataifa yaliyotia saini. Uingereza yenyewe ilikubali kufungwa na azimio hilo mwaka 1907 tu.

Inafaa kusimama kidogo hapa. Azimio la The Hague liliyafunga mataifa yale yanapopigana yenyewe kwa yenyewe. Mnyakyusa, Mhehe au Mmatumbi hakuwa ametia saini chochote, na hakuna aliyemwalika kutia saini. Kinga ile haikumfikia.

Wamarekani walifika penye fikra ileile kwa njia yao. Huko Ufilipino, bastola zao za .38 zililalamikiwa kwamba haziwazuii wapiganaji wa Moro, na mwaka 1904 wakafanya majaribio maalumu ambayo mwishowe yaliwarudisha kwenye risasi ya .45. Dola tofauti na bahari tofauti, lakini hofu ilikuwa moja, ya mtu mwenye panga au mkuki anayekuja mbio kuutetea mji wake.

Na Rungwe ya wakati huo ilikuwa nchi ya mikuki. Wanyakyusa walipigana kwa mkuki na ngao, na kwa silaha hizo walijilinda dhidi ya mashambulizi ya Wasangu na Wangoni. Bunduki zilipita kando yao, hasa kwenye njia za biashara ya pembe na watumwa. Mwaka 1887 mfanyabiashara Mlozi na watu wake waliwashambulia Wangonde wa Karonga, ndugu wa Wanyakyusa upande wa kusini wa Songwe, na vita kati yake na African Lakes Company vikaendelea kwa miaka. Kapteni Frederick Lugard, ambaye baadaye alikuwa gavana mashuhuri wa Nigeria, alijeruhiwa vibaya mikononi mwaka 1888 aliposhambulia ngome ya Kopakopa, mshirika wa Mlozi. Silaha kuu ya wapiganaji wa ngome zile ilikuwa gobori.

Gobori halihitaji ganda. Mwenye gobori humimina baruti mdomoni mwa mtutu, akashindilia kitambaa, akatia kipande cha risasi au chuma au hata jiwe, akaweka fataki au kutegemea jiwe la kiberiti, akafyatua. Mhunzi wa kijijini anaweza kulitengeneza likiharibika. Silaha ya ganda ni kinyume chake. Bila kiwanda cha kufinyanga shaba, kuweka fataki kitakoni na kupima baruti kwa usahihi, inageuka rungu.

Watawala walilijua hilo vizuri, na waliliandika katika sheria. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, unaokumbukwa zaidi kwa kupinga biashara ya utumwa, ulizuia pia kuingizwa kwa bunduki na risasi za kisasa katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini mwa ikweta hadi nyuzi 22 kusini mwake. Rungwe iko ndani kabisa ya mstari huo. Magobori ya jiwe la kiberiti yasiyo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida, yangeweza kuruhusiwa kuuzwa kwa masharti. Silaha za ganda zikabaki mikononi mwa serikali, majeshi yake na wachache wenye vibali. Wanahistoria wengi huanza hadithi ya ukoloni wa Ujerumani huku na bunduki ya rashasha ya Maxim, bombom kama watu walivyoiita. Mkataba ule wa karatasi, ulioamua nani atapata ganda na nani atabaki na gobori, una haki ya kutajwa kabla yake.

Mwaka uliofuata, 1891, wamisionari wa Moravian walifika Rungwe na wale wa Berlin wakafika nchi ya Konde, yaani ya Wanyakyusa. Utawala ulifuata upesi. Hermann von Wissmann alileta meli iliyosafirishwa vipandevipande kwa njia ya Zambezi na Shire, na kituo cha Langenburg kikaanzishwa ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Mwanzoni mwa karne ya 20 makao yakahamishiwa juu, penye baridi na mvua, ndiyo Neu Langenburg. Kodi ya nyumba ilikuwa imekwisha kuwekwa kisheria. Ilipozuka vita ya Maji Maji Julai 1905, ambapo wapiganaji wa kusini waliamini dawa ingezigeuza risasi kuwa maji, nchi ya Wanyakyusa haikuingia kwenye uasi.

Ofisa wa boma alikuwa na watu wachache wa Ulaya pamoja na askari wa Kiafrika. Masoko, kusini-mashariki mwa Tukuyu, kando ya ziwa la kreta la Kisiba, palikuwa makao ya kompania ya 5 ya jeshi la kikoloni. Katika mambo ya kila siku, kama kudai kodi, kukusanya wapagazi au kusikiliza mashauri, raia aliiona bastola kubwa kiunoni mwa ofisa mara elfu bila kuisikia ikilia. Huko ndiko ilikofanya kazi yake kubwa. Katika mapigano umbali wake ulikuwa mdogo mno, na mwenye bastola alipolazimika kuitumia, basi mambo yalikuwa yamekwisha kumharibikia.

Silaha iliyoamua mapigano ilikuwa bunduki ya askari, nayo ilikuwa na ugonjwa wa baruti nyeusi kuliko hata bastola. Mwaka 1914 kompania nyingi za Wajerumani Afrika Mashariki bado zilibeba Mauser ya mwaka 1871, ya milimita 11, ya kujaza risasi moja moja. Kichwa chake kilikuwa cha gramu 25. Kila mlio ulitoa wingu la moshi mweupe, na wingu hilo lilimwonyesha adui mahali hasa alipolala mpigaji. Katika nchi kama Rungwe, ambako Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, unyevu wa hewa huukalisha moshi. Masizi ya baruti hiyo nayo hunyonya maji na kuanza kula chuma. Askari asiyesafisha mtutu wake kwa maji ya moto na mafuta jioni, alikuta kutu asubuhi.

Tarehe 9 Septemba 1914 Kapteni von Langenn-Steinkeller aliongoza kikosi kutoka upande wa Neu Langenburg, akavuka Songwe na kuishambulia Karonga. Kikosi kidogo cha walinzi kilijifungia ndani ya mji na kuhimili, huku kikosi kikubwa cha Waingereza, chini ya Kapteni Barton, kikiwa kimetoka kwa njia nyingine kuelekea mpakani. Barton alirudi mbio. Wajerumani walijikuta kati ya moto wa pande mbili, wakapoteza maofisa kadhaa, na von Langenn mwenyewe akajeruhiwa vibaya. Baada ya siku hiyo hawakujaribu tena kuiteka Karonga. Waliokuwa upande wa pili walipiga bunduki za .303 zisizo na moshi.

Wakati huohuo bahari ilikuwa imefungwa na manowari za Uingereza, na hapo ndipo ganda lilipoanza kuwatesa wenyewe waliolitumia kutawala. Meli mbili tu za misaada zilipenya. Ya kwanza, Rubens, ilifika Ghuba ya Manza kaskazini mwa Tanga Aprili 1915. Ikapigwa mizinga na kuzama kwenye maji ya kina kifupi, na shehena yake ya risasi ikaloa maji ya chumvi. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, hakuwa na anasa ya kuitupa. Wapiga mbizi waliitoa, kisha watu wakaketi nchi kavu kuzifungua risasi moja baada ya nyingine: kung'oa kichwa, kumwaga baruti, kuikausha, kusafisha ganda na fataki, kulijaza tena na kurudisha kichwa. Hata baada ya kazi hiyo, nyingi hazikulia. Meli ya pili, Marie, ilifika Sudi, karibu na Lindi, Machi 1916. Baada ya hapo, njia kuu ya Lettow-Vorbeck ya kupata risasi mpya ikawa kuziteka kwa adui.

Na risasi ya kuteka inaingia tu kwenye silaha ya kuteka. Ndiyo maana jeshi lake, kadiri vita vilivyoendelea, liliishia kubeba bunduki za Kiingereza na za Kireno. Mwenye Reichsrevolver aliyemaliza akiba yake ya 10.6 hakuwa na pa kuijaza, hata kama masanduku ya .455 yangekuwa miguuni pake. Webley za washindi nazo zilikuwa na mkasa wao wa risasi. Mwaka 1912 jeshi la Uingereza lilikuwa limepitisha risasi ya kichwa bapa kwa .455, lakini vita vya Ulaya vilipoanza ikaondolewa, kwa hofu kwamba ilivunja azimio la The Hague na ingempa Mjerumani kisingizio cha kumtendea vibaya ofisa aliyekamatwa nayo. Mark II ya kichwa cha mviringo ikarudishwa, nayo ndiyo iliyokuwa risasi rasmi safu za Northey zilipopanda kuja Tukuyu.

Masoko hadi leo wazee husimulia kwamba Wajerumani, kabla ya kuondoka, walitupa mali na silaha zao ndani ya Ziwa Kisiba. Iwapo kweli masanduku ya risasi yalizama huko, kisa cha Rubens kinatosha kueleza hali yake. Majuma machache ya maji ya Manza yalitosha kuua risasi nyingi, sembuse karne nzima ya Kisiba.

Wilaya ilipoitwa Rungwe chini ya Waingereza, Webley ndiyo iliyokuwa bastola ya dola. Tukio la kivita lililo maarufu zaidi la bastola ya silinda katika jeshi la Tanganyika halikutokea huku, bali Ethiopia. Tarehe 19 Mei 1941, pale Colito, vifaru vya Waitaliano viliwatokea ghafla askari wa kikosi cha kwanza cha 6 King's African Rifles, batalioni ya Tanganyika. Sajini Nigel Leakey, mzaliwa wa Kenya, alirukia juu ya kifaru, akaufungua mnara wake kwa nguvu, na kwa bastola akawaua waliomo isipokuwa dereva, ambaye alimlazimisha kukiendesha kifaru hadi mahali pa kujificha. Mzinga wake ulipokataa kupiga, alitoka kuwawinda wengine kwa miguu pamoja na wenzake, akiwamo askari Mwafrika. Akarukia kifaru kingine, akaufungua mnara, akampiga mmoja kabla ya yeye mwenyewe kuuawa. Nishani ya Victoria Cross ilitangazwa Novemba 1945, baada ya vita kwisha. Ujasiri ule hauhitaji kupambwa. Ila umbali wake ni wa kuangalia: alikuwa juu kabisa ya adui, na huo ndio umbali ambao bastola ya kijeshi ilitengenezewa.

Kufikia hapo jeshi la Uingereza lilikuwa limekwisha kuiacha .455 kama kipimo chake kikuu. Mwaka 1932 lilipitisha bastola ndogo ya .38 aina ya Enfield, kwa sababu ya kawaida kabisa: vita vya kwanza vilifundisha kwamba askari asiye na mazoezi marefu hawezi kudhibiti kishindo cha bastola nzito. Risasi yake ya kwanza ilikuwa na kichwa cha madini ya risasi pekee, chenye uzito wa gramu 13. Kabla ya vita vya pili ikabadilishwa kwa nyepesi zaidi iliyofunikwa shaba, na hofu ya azimio la The Hague ikatajwa tena. Webley Mark VI iliondolewa rasmi katika orodha ya silaha za jeshi mwaka 1947.

Gobori halikuondolewa na mtu. Mkataba wa 1890 uliliacha mikononi mwa watu kwa kuliona duni, na uduni huo ndio uliolihifadhi, kwa kuwa halikutegemea Birmingham wala Erfurt. Wahunzi wa nyanda za juu kusini waliendelea kuyatengeneza, na kila Jeshi la Polisi linapotangaza muda wa kusalimisha silaha haramu kwa hiari, magobori ya kienyeji hayakosekani kwenye lundo.